Kiroboto Yuko Hewani

Bosi aliniita ofisini akaniuliza kwa nini nimewaacha watu ndani ya lifti. Mama yule hakusema karibu wala kaa. Nikasimama na mikono yangu ya grisi, nikamuuliza watu gani.

Akageuza kompyuta yake nione. Kazi ilitumwa kwenye gumzo letu, Kijiweni, mchana wa jana yake: lifti imekwama katikati ya ghorofa, watu wawili ndani. Chini yake kuna jina langu, Kiroboto, na neno moja: Nachukua.

Kwetu sisi mafundi wa lifti, ukishaandika Nachukua, kazi ni yako. Hakuna mwingine anayeigusa, hata kama jengo liko mbele ya pua yake. Ndiyo sheria yetu, na siku hiyo ndiyo iliyoniponza. Wenzangu wote waliona Nachukua, wakaendelea na yao. Ndani ya lifti walikuwamo mama mmoja na mke wa mwanawe, watu ambao kwa maneno ya mlinzi wa jengo walikuwa hawasalimiani tangu siku ya harusi. Walishinda humo wakitazamana mpaka kampuni nyingine ikaitwa kuwatoa.

Nikamwambia Bosi sikuandika mimi. Akaniuliza jina hilo ni la nani. Nikasema langu. Akasema basi.

"Mteja anataka kuvunja mkataba," akasema. "Nakupa nafasi moja, Kiroboto. Ukiandika tena Nachukua halafu usiende, hata kama ni taa ya lifti imeungua, weka zana mezani uondoke."

Nikatoka. Shule niliiacha mapema, kabla haijaniacha yenyewe, na kabla ya lifti nilikuwa nabeba saruji ngazini kwenye majengo ambayo lifti zake zilikuwa hazijafungwa. Hii ndiyo kazi pekee niliyowahi kuijua kweli. Nikiweka zana mezani, narudi ngazini.

Kijiwe ni gumzo la kampuni kwenye simu. Dada wa Zamu, yule anayepokea simu za wateja, anatuma kazi humo. Fundi akiichukua, anamtumia anwani peke yake, faraghani. Ukiwa hewani jina lako lina nukta ya kijani. Ukitoka, nukta inazima. Hilo jina la Kiroboto sikulichagua. Siku ya kwanza fundi wa kompyuta aliuliza aniandikishe kwa jina gani, wenzangu wakapiga kelele wote kwa pamoja, kwa sababu situlii mahali pamoja. Likaingia hivyo.

Sasa, jambo lenyewe halikuanza siku ile. Siku chache nyuma mteja mmoja alimshukuru Kiroboto kwa mlango wa lifti uliorekebishwa vizuri. Mlango huo sikuugusa. Nikamwambia Dada wa Zamu amechanganya majina, akanijibu kwamba yeye hachanganyi, wanaochanganya ni mafundi. Nikaliacha. Lakini nilipotoka kwa Bosi nikaviunganisha vile vitu viwili. Kuna mtu amekaa Kijiweni na jina langu.

Nikaanza kumtafuta kichwani, na kichwa hakikwenda mbali. Kilikwenda kwa Shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Ni fundi kwenye kampuni hiyohiyo, yeye ndiye aliyeniombea kazi, na ninaishi kwake, nalala kwenye kochi la sebuleni. Neno langu la siri alilitunga yeye mwenyewe siku nilipoanza, maana mimi nilikuwa sijui hata kwamba linatakiwa. Tena mdogo wake wa kuzaliwa alikuwa anatafuta kazi, na nafasi kwetu hazioti kama uyoga. Mimi nikitoka, nafasi ipo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikajiambia hivyo, nikaona nimemaliza.

Nikaenda kubadilisha neno la siri chooni, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Nikaweka neno ambalo hata mimi ilibidi nilirudie mara kadhaa lisinitoke. Nikajisemea, haya, Shemeji, ingia sasa.

Mchana nikawa kwenye shimo la lifti, natazama kamba za chuma. Simu ikatetemeka mfukoni: Umetoka hewani. Halafu: Umerudi hewani. Humo shimoni hilo si jambo, mtandao unakufa kila unaposhuka. Nikapanda mpaka juu ya paa, kwenye chumba cha mota. Paani kuna nini cha kuzuia mtandao? Mbingu tupu, na mnara wa simu unauona kwa macho. Simu ikaandika: Umetoka hewani. Nikaishika mkononi nikaitazama. Umerudi hewani. Baada ya kitambo kidogo, Umetoka hewani.

Neno nimelibadilisha, sijamwambia hata ukuta, na mtu bado anaingia.

Nikashuka moja kwa moja kwa Waya. Waya ndiye fundi wa kompyuta, ndiye aliyetengeneza Kijiwe. Tunamwita hivyo kwa wembamba wake, si kwa kazi yake. Nilimkuta anakula. Nikamuuliza mtu anaingiaje kwa jina langu wakati neno la siri nimelibadilisha.

Akanieleza huku anatafuna. Neno la siri ni la mlangoni tu. Ukishalisema mara moja, seva inakupa tokeni, kama kile kipande cha namba unachopewa ukiacha mzigo mahali. Simu inakitunza. Mtandao ukikatika, simu inarudi yenyewe, inaonyesha kipande, inafunguliwa bila kuulizwa. Alifanya hivyo kwa ajili yetu sisi wa mashimoni. Bila hivyo tungekuwa tunaandika neno la siri kila tukishuka ghorofa, na vidole vyenyewe vina grisi.

"Kwa hiyo nikibadilisha neno la siri, mwenye tokeni hatoki?"

"Hatoki. Ameshaingia, mlango haumhusu."

Nikamuuliza, na akija mwingine na kipande kama changu je. Akasema kipande kimoja, kiti kimoja. Akikaa huyu, yule ananyanyuliwa. Kisha akacheka, akaniambia labda nina jini linalopenda lifti.

Nikamkumbusha kwamba simu yangu ya kwanza, ya kampuni, ilidondoka shimoni, na yeye ndiye aliyehamisha vitu vyote kutoka ile kuja hii. Ile ya kwanza iko wapi? Akasema ile ilikufa, aliiweka akiba ya vipuri. Alisema hivyo anatazama sahani. Nikaliona hilo. Na nikakumbuka kwamba Waya na Shemeji hula pamoja mara nyingi. Basi, nikaona picha nzima: mmoja ana ufunguo, mwingine ana sababu.

Jioni, tukiwa mezani, sikuweza kungoja chakula kishuke.

"Shemeji, nipe simu yako."

Akaacha kutafuna. "Ya nini?"

"Nione Kijiweni umeingia kwa jina la nani."

Dada yangu akacheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Shemeji hakucheka. Alifuta vidole, akafungua simu, akanisogezea. Nikatazama. Jina lake, nukta yake, mambo yake. Nikasema hii si ile, nyingine umeificha. Nikamwambia yote: neno la siri, mdogo wake, Waya, chakula cha mchana. Niliyasema kwa mpangilio mzuri sana, kama mtu aliyefanyia mazoezi.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mimi nikitaka ufukuzwe, nitahitaji simu? Si ningekuacha tu uongee na Bosi kwa huo mdomo." Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akasema, "Na aliyemo nguoni mwangu, anayelala kwenye kochi langu, anaitwa nani? Si Kiroboto?"

Dada ndiye aliyeninyamazisha. Aliongea polepole, na dada yangu akiongea polepole ujue pabaya.

"Mdogo wangu, huyu amekuombea kazi, amekupa na mahali pa kulala. Umemwita mwizi mezani kwangu. Ukiwa na ushahidi, ulete. Ukiwa huna, kesho utafute kochi lingine."

Asubuhi nikaenda kutafuta ushahidi, kwa hiyo sikwenda kwa Bosi, nilikwenda kwa Dada wa Zamu. Nikaizima simu yangu mbele yake. Nikaiweka mezani kwake kifudifudi, kama samaki aliyekufa. Nikamwambia atazame kompyuta yake.

Nukta yangu ilizima. Tukangoja. Ikawaka.

Dada wa Zamu akatazama simu, akatazama kompyuta, akanitazama mimi. "Mbona umezimika hapa na kule unawaka?" Nikamwambia hilo ndilo swali langu. Badala ya kunihurumia akaanza kunipapasa kwa macho. Akasema kama nina simu ya pili nimeificha, na ninafanya mchezo wa kukwepa kazi, atanipeleka kwa Bosi kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu yule mama wa kwenye lifti alimtukana yeye matusi ambayo hajapata kuyasikia. Nikageuza mifuko yote. Nikavua viatu. Akasema viatu nivae, ameamini.

Nilichomwomba kilikuwa kidogo. Amtumie Kiroboto kazi faraghani, asiione mwingine yeyote: mlango wa lifti umegoma, jengo lile la marumaru mtaa wa nyuma. Simu yangu ibaki mezani kwake, imezimwa. Atakayetokea pale ndiye mtu wangu.

Akaandika. Tukainama wote wawili kwenye kompyuta. Haikuchukua muda.

Nachukua.

Nilisoma neno hilo chini ya jina langu, na mimi nimesimama pale mikono mitupu. Sijui nieleze vipi. Ni kama kusikia mtu anakohoa chumbani kwako na wewe uko nje. Dada wa Zamu akatuma anwani. Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani.

Jengo lile nalijua, lifti yake ni nzima kabisa, niliihudumia mwenyewe. Nikajibanza ukumbi wa chini, nyuma ya nguzo, nikamwambia mlinzi namngoja jamaa yangu. Haikuwa uongo. Nilikuwa namngoja Shemeji. Nilishapanga nitakachosema, na nilishapanga nitakachofanya akikanusha, na hicho cha pili kilikuwa kinanipendeza zaidi.

Watu wakawa wanaingia na kutoka. Mwenye mkoba wa kompyuta, mama na mtoto, wawili wanaogombania namba ya ghorofa. Akaja pia mzee mmoja, shati limepigwa pasi, ana mkoba wa turubai begani. Akasimama mbele ya lifti, akautazama mlango juu mpaka chini. Akabonyeza. Ukafunguka. Akauacha ukajifunga, akabonyeza tena, ukafunguka tena. Alikuwa ananizibia mlango wa mbele, na mimi nilitaka nimwone Shemeji akiingia.

"Lifti nzima, mzee," nikamwambia. "Panda tu."

"Sipandi, mwanangu. Nimeitwa kuitengeneza."

Nikatoka nyuma ya nguzo. Nikamuuliza ameitwa na nani. Akasema na kampuni. Nikamwambia nionyeshe. Nadhani sura yangu haikuwa nzuri, kwa sababu alirudi nyuma hatua moja kabla hajatoa simu. Akaitoa. Kioo kimepasuka kuanzia pembeni, na kwenye kifuniko kuna alama ya rangi nyekundu niliyoipaka mwenyewe ili isichanganywe na za wenzangu. Ilikuwa simu yangu. Ile iliyokufa.

Nikamshika mkono. Nikamuuliza aliinunua kwa nani, Shemeji alimpa ngapi. Mlinzi akanyanyuka kwenye kiti chake. Mzee akaniambia nimwache mkono kwanza, wazee hatuvutwi, halafu atasema. Nikamwacha.

Alisema alikuwa fundi wa lifti zamani, akakaa nyumbani miaka, mambo yakawa magumu. Akaenda kuomba kazi kwetu, akakutana na Waya. Waya akamwambia Bosi hayupo, lakini aanze kwa majaribio, akifanya vizuri atampeleka. Simu za akiba zilikuwa zimekwisha. Waya akaitoa hii kwenye droo ya vipuri, akaifungua, akaigusagusa, ikawaka. Akamwambia ataandikishwa, jina na neno la siri.

"Nilipoiwasha nyumbani haikuniuliza kitu," akasema mzee. "Ikafunguka yenyewe, nikaona kazi zinapita. Nikamwambia yule kijana, imefunguka. Akasema basi, vizuri, kama imefunguka hamna haja."

Nikamuuliza, na jina je, hakuona anaandika kwa jina la nani? Akanionyesha. Kijiweni ukiandika wewe, kwenye simu yako panaandikwa Mimi. Mimi: Nachukua. Mimi: Nimefika. Alikuwa na haki yote ya kuamini ni yeye.

"Lakini walikuwa wanakuita," nikasema. "Dada wa Zamu hakuiti kwa jina?"

Mzee akaangalia pembeni.

"Ananiita Kiroboto. Mwanzo iliniuma. Mtu mzima kama mimi. Nikasema, hawa watoto wa siku hizi ndivyo walivyo, wameona nimekuja mwisho, nimewarukia, wananitukana. Nikameza. Shida haichagui jina."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Kitu kingine kilikuwa kinanisumbua. Nikamuuliza kuhusu ile lifti ya mama na mke wa mwanawe. Akasema anaikumbuka. Aliandika Nachukua, akangoja anwani. Simu ikamwandikia umetoka hewani. Iliporudi, hakuona anwani yoyote. Akadhani wamempa mwingine.

Hapo nikakumbuka. Siku ile nilikuwa juu ya paa la jengo jingine, simu yangu ilirudi hewani, ikaingia anwani bila salamu wala maelezo. Nikasema Dada wa Zamu amekosea mtu, nikaendelea na mota. Yeye alisema Nachukua, akanyanyuliwa kitini, nikakaa mimi, anwani ikanikuta mimi.

Nikampigia Dada wa Zamu kwa simu ya mapokezi aliyotuletea mlinzi, nikaweka sauti ya nje, nikamwambia ampe Bosi. Nikaeleza. Bosi hakunikatiza, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Nilipomaliza akasema hadithi nzuri, lakini simu yangu ya zamani ikiwa mikononi mwa mtu, nani amjuaye huyo mtu? Si ningeweza kumpa mimi mwenyewe anifanyie kazi, mimi nikalala? Nikaona saruji ile ngazini.

"Huyo mzee anasikia?" akauliza Bosi.

"Anasikia."

"Mzee. Kazi ya lifti iliyokwama na watu wawili ndani. Nani aliandika Nachukua?"

Mzee akaitazama simu. Mimi nikamtazama yeye. Alikuwa na njia kumi za kutoka. Angesema hakumbuki. Angesema mambo ya simu hayajui. Hata kunyamaza tu kungetosha. Alikuwa anataka kazi kwa mama huyohuyo anayemuuliza, na jibu la kweli ni kujitangaza kwamba ndiye aliyewaacha watu ndani. Mimi ningekuwa yeye, sijui. Nilishaanza kumchukia kabla hajafungua mdomo.

"Ni mimi, mama," akasema. "Anwani haikunifikia. Huyu kijana hanijui, nimemwona leo."

Tukamsikia Bosi, mbali na simu, anauliza Waya yuko wapi.

Sijui kilichosemwa huko. Baada ya muda simu mkononi mwa mzee ilitetemeka, Kijiwe kikafunga, kikabaki ukurasa mweupe wenye mistari miwili: jina, neno la siri. Waya alikuwa ameifuta ile tokeni. Mzee akanigeuzia simu.

"Inaniuliza jina," akasema. "Niandike lipi?"

Nikamwambia aandike lake. Akaandika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Ikamjibu hayupo mtu wa jina hilo. Bosi alikuwa bado anasikika kwenye simu ya mapokezi: nirudi kazini mimi, na mzee afike ofisini asubuhi na vyeti vyake. Hakusema ni kwa heri au kwa shari. Mzee akaniuliza mimi. Nikamwambia sijui. Nikambebea mkoba mpaka nje, akaniambia nirudi zangu, mkoba wake atauweza.

Nilirudi kwa Dada wa Zamu kuchukua simu yangu. Hakuna aliyesema pole. Nikaiwasha, na mimi pia ikaniuliza jina na neno la siri. Nikaandika, nikalikosea, nikaandika tena. Ikafunguka. Nukta ya kijani ikawaka kwenye jina langu, na safari hii nilijua ni yangu.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Shemeji, faraghani. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Ni wewe, au ni mwingine?"

Nikakaa nao. Nikaandika samahani, nikaifuta. Nikaandika Shemeji unajua hali ilivyokuwa, nikaifuta na hiyo. Mwisho nikaandika, "Ni mimi."

Nukta yake ilikuwa inawaka. Aliusoma, niliona. Ikaendelea kuwaka hivyohivyo, bila jibu, mpaka Dada wa Zamu akatuma kazi nyingine na mtu akaandika Nachukua.